UZI: Ndege ikichelewa au safari ikifutwa, usimeze neno "mazingira yasiyo ya kawaida" kabla hujalitafuna

Msafiri Mbishi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nilikuwa natoka kiwanja kimoja cha Ulaya kwenda kingine, mwendo wa kilomita 2,000 na ushee. Tukakalishwa getini zaidi ya saa 5. Kila nusu saa kipaza sauti kinasema mafundi wanamalizia. Nilipofika nikaandika kuomba fidia, na baada ya wiki tatu nikajibiwa hivi: safari yako iliathiriwa na hitilafu ya kiufundi isiyotarajiwa, hayo ni mazingira yasiyo ya kawaida yaliyo nje ya uwezo wetu, kwa hiyo hustahili malipo. Barua ya heshima kabisa, ina pole mbili na shukrani moja. Nusura niikubali.

Kilichonizuia ni ubishi wangu tu. Nikaisoma sheria yenyewe, Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Februari 2005. Nikagundua kwamba watu wengi, mimi nikiwemo, tunachanganya vitu vitatu.

Kuna fidia: pesa ya usumbufu, iliyopangwa kwa umbali. Euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500. Euro 400 kwa safari za katikati, na kwa safari zote ndefu zilizo ndani ya Umoja. Euro 600 kwa zinazozidi kilomita 3,500. Haijali tiketi ulinunua kwa bei gani.

Kuna nauli au safari mbadala: safari ikifutwa, wewe ndiye unayechagua kurudishiwa nauli yako ndani ya siku 7 au kupelekwa unakokwenda kwa njia nyingine.

Kuna matunzo: chakula, hoteli kama mnalala, usafiri wa kwenda na kurudi hotelini, na simu mbili.

Sasa shikeni hapa. Lile neno "mazingira yasiyo ya kawaida" linafuta cha kwanza peke yake. Vile viwili vingine vinabaki palepale. Ila pale kaunta mtu anaambiwa "hali ya hewa, hatuna la kufanya", na anaondoka akidhani hata chai hana haki nayo.

---

Kibegi Mgongoni

Asante mkuu. Lakini hebu tuwe wakweli, ndege mbovu nayo si ndiyo nje ya uwezo wao? Nani anapanga pampu ife?

---

Msafiri Mbishi

Hapo ndipo penyewe, mkuu. Swali hilo lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mapema sana. Mama mmoja na familia yake walikuwa wanatoka Vienna kwenda Brindisi kupitia Roma, Alitalia ikaifuta safari dakika za mwisho. Kwenye ukaguzi wa jana yake mafundi walikuta hitilafu kubwa ya injini. Shirika likasema ni mazingira yasiyo ya kawaida. Desemba 2008 mahakama ikajibu kwa kipimo ambacho mpaka leo ndicho kinachotumika: tukio lenyewe lisiwe sehemu ya shughuli za kawaida za shirika la ndege, NA liwe nje ya udhibiti wake halisi. Yote mawili kwa pamoja. Moja pekee halitoshi.

Anayeendesha ndege anaishi na vyuma vinavyochakaa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa hiyo pampu kufa hakukupangwa, sawa, ila ni jambo la ndani ya kazi.

Mwaka 2015 KLM walijaribu upande mwingine. Ndege ya kutoka Quito kwenda Amsterdam ilichelewa saa 29. Walisema vipuri viwili vimeharibika ghafla kabla ya umri wake kwisha, na ilibidi vingine viletwe kwa ndege kutoka Amsterdam. Mahakama ikasema kuharibika ghafla hakubadilishi kitu. Kinachoweza kuwaokoa ni kwa mfano mtengenezaji wa ndege atangaze kwamba ndege za aina hiyo zina kasoro iliyojificha inayohatarisha usalama, au ndege ihujumiwe.

Na kuna ngazi ya pili ambayo barua zao huwa haziigusi. Hata tukio likiwa kweli si la kawaida, shirika bado linatakiwa kuonyesha kwamba lisingeweza kuliepuka hata kama lingechukua kila hatua iliyo ya busara. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika. Wewe abiria huna kazi ya kuthibitisha kwamba pampu ilikuwa pampu.

---

Fundi Mstaafu

Vijana, nimekaa kwenye karakana za ndege miaka mingi. Mnaongea vizuri ila ngoja niwape upande wa pili.

Msamaha huu wa "mazingira yasiyo ya kawaida" haukuwekwa kuwapendelea matajiri wenye mashirika. Uliwekwa ili rubani akiona wingu baya au fundi akiona tundu asianze kupiga hesabu za fidia. Ndege ya viti 180 mara euro 400 ni euro 72,000. Mweke fundi kijana na meneja wake mbele ya hesabu hiyo usiku wa manane, halafu mniambie.

Na hukumu nyingine ni kali kupita kiasi. Julai 2019 rubani msaidizi wa TAP, shirika la ndege la Ureno, alikutwa amefariki hotelini Stuttgart, asubuhi ya safari ya kwenda Lisbon. Safari ikafutwa. Mwaka 2023 mahakama hiyohiyo ikasema kifo hicho si mazingira yasiyo ya kawaida, lipeni. Mtu amekufa, wenzake wamechanganyikiwa, halafu mnadai euro?

---

Msafiri Mbishi

Shikamoo mzee. Hiyo hukumu hata mimi niliisoma mara mbili kabla ya kuikubali, na sina hakika kama nimeikubali hadi leo. Hoja yao ni kwamba wafanyakazi kuugua au kufa, hata iwe kwa huzuni kiasi gani, ni jambo la mwajiri yeyote, na shirika ndilo linalopanga akiba ya watu. Uingereza nako Mahakama ya Juu ilifika hukohuko Julai 2024: rubani aliugua, safari ya Milan kwenda London ikafutwa, abiria wakashinda baada ya kuhangaika miaka sita.

Kuhusu hofu ya usalama naheshimu, mzee, wewe ndiye uliyeshika spana. Ila rubani hailipi fidia kutoka mfukoni kwake, na ndege ikiruka mbovu gharama yake inazidi hizo 72,000 kwa mbali. Nadhani hofu yako ingekuwa na uzito zaidi kama fidia ingekuwa ya mtu binafsi.

---

Fundi Mstaafu

Marahaba. Hailipi, lakini simu ya meneja anaipokea yeye. Tuyaache hayo, endelea.

---

Mama Transiti

Naomba orodha basi. Kipi kinawaokoa na kipi hakiwaokoi? Tuwekee lugha nyepesi.

---

Msafiri Mbishi

Dada, orodha kamili haipo hata kwenye sheria yenyewe. Utangulizi wake unataja mifano tu: machafuko ya kisiasa, hali ya hewa isiyoruhusu kuruka, hatari za kiusalama, migomo. Mengine yamejengwa na kesi moja baada ya nyingine. Nitakupa ninazozikumbuka.

Ndege kagonga ndege. (Kiswahili kinatuchezea hapa: namaanisha yule mwenye manyoya.) Mwaka 2017 mahakama ilisema hilo ni tukio lisilo la kawaida, fidia hakuna. Lakini utamu uko kwenye kipande cha pili. Katika kesi ile fundi mwenye sifa alishaikagua ndege na kuiruhusu, kisha mwenye ndege akaikataa ruhusa hiyo na ukaguzi ukarudiwa. Muda wa ukaguzi huo wa pili haukusamehewa. Unachukua ucheleweshaji wote, unatoa muda uliosababishwa na yule mwenye manyoya, kinachobaki kikifika saa 3 wanalipa.

Msumari au skrubu iliyolala kwenye njia ya kurukia ikatoboa tairi: mahakama ilikubali mwaka 2019, inawaokoa. Mafuta yaliyomwagika mpaka njia ikafungwa, nayo inawaokoa. Abiria mkorofi aliyewapiga watu mpaka rubani akabidi atue njiani, inawaokoa, isipokuwa kama walimwona anafanya fujo tangu mlangoni wakampandisha hivyohivyo.

Mgomo ndio unaowachanganya wengi. Wanaogoma wakiwa waongozaji wa ndege kwenye mnara, hao si watu wa shirika, msamaha upo. Wakigoma marubani wa shirika lenyewe kudai mishahara, mahakama ilisema Machi 2021 kwenye kesi ya SAS kwamba mgomo wa namna hiyo ni sehemu ya maisha ya mwajiri. Hata mgomo wa kimyakimya, ule wa wafanyakazi kuugua wote siku moja baada ya kutangaziwa mabadiliko kazini, ulionekana hivyo kwenye kesi ya TUIfly mwaka 2018.

Ukungu, dhoruba na theluji kwa kawaida vinawaokoa. Ila angalia ubao. Kama ndege za wenzao zinaruka kwa mfululizo na yenu peke yake ndiyo imezuiwa na "hali ya hewa", uliza ni hali ya hewa ya wapi na ya saa ngapi.

---

Kibegi Mgongoni

Mimi niliambiwa hali ya hewa ilikuwa mbaya kwenye safari ya asubuhi, na yetu ni ya jioni. Hiyo imekaaje?

---

Msafiri Mbishi

Inaweza kuwa kweli. Ndege moja hufanya safari kadhaa kwa siku, na kesi ya yule abiria mkorofi ilikubali kwamba tukio la safari iliyotangulia ya ndege hiyohiyo linaweza kuhesabika, mradi mnyororo wa sababu uwe wa moja kwa moja. Lakini hukumu ileile ikawabana pengine: huwezi kumwambia abiria apande ndege yako ya kesho kisha useme umechukua kila hatua ya busara, kama kulikuwa na viti leo kwenye shirika jingine. Kwa hiyo ukiwa palepale kiwanjani, tafuta kwenye simu safari nyingine zenye nafasi na uzipige picha. Picha hiyo itakufaa kuliko kelele za kaunta.

---

Mama Transiti

Na ile volkano ya Iceland ya 2010? Dada yangu alilipa hoteli siku zote zile mwenyewe.

---

Msafiri Mbishi

Pole yake. Majivu ya Eyjafjallajökull ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kutenganisha vile vitu vitatu. Fidia? Hapana, anga lilifungwa, hakuna shirika lililoweza kulifungua. Ila abiria mmoja wa Ryanair aliyekwama kwa wiki moja aliidai gharama ya matunzo, karibu euro 1,130, na shirika likasema tukio kubwa hivi limevuka hata yale mazingira yasiyo ya kawaida. Januari 2013 mahakama ikasema daraja hilo la juu zaidi halipo kwenye sheria. Matunzo hayana kikomo cha siku wala cha pesa. Wasipokupa, unajilipia kwa kiasi kinachofaa, unatunza risiti, unadai. Kiasi kinachofaa, nasisitiza, usije ukachukua chumba cha kifalme.

---

Kipepeo wa Bahari

Samahani, nimeisoma hiyo Kanuni neno kwa neno. Sioni popote paliposema kuchelewa kunalipwa fidia. Imetaja kufutwa na kukataliwa kupanda tu.

---

Msafiri Mbishi

Hongera, wachache wanafika huko. Uko sahihi, haimo. Iliingizwa na mahakama Novemba 2009 kwenye kesi ya Sturgeon dhidi ya Condor: aliyefika amechelewa saa 3 au zaidi amepoteza muda sawa na aliyefutiwa safari, basi atendewe sawa naye. Mashirika yakapinga, na mwaka 2012 mahakama ikarudia msimamo uleule.

Na saa 3 zinahesabiwa wapi? Matairi yakigusa lami, au mkifungua mikanda? Germanwings walibishania hilo kwa safari ya Salzburg kwenda Köln. Wakati wa kugusa lami ucheleweshaji ulikuwa saa 2 na dakika 58. Ndege ilipofika sehemu yake ya kuegesha ulikuwa saa 3 na dakika 3, na mlango ukafunguliwa baadaye kidogo. Mwaka 2014 ikaamuliwa kwamba unahesabu hadi mlango mmoja angalau ufunguliwe na watu waruhusiwe kutoka. Tangu siku hiyo mlango ukifunguka napiga picha saa ya simu.

Ila kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukichelewa zaidi ya saa 3 lakini hukufika 4, shirika linaweza kukata nusu, ukapata euro 300.

Safari iliyofutwa nayo ina tundu lake: wakikuarifu siku 14 au zaidi kabla, fidia hakuna, hata sababu iwe uzembe mtupu. Ndani ya siku hizo wanaweza bado kupona wakikupa safari mbadala yenye muda unaokaribiana sana na ule wa kwanza.

Nitaje na hili, kwa sababu linabadilika: Juni 2025 mawaziri wa nchi za Umoja walikubaliana msimamo wa kusogeza saa 3 ziwe 4 kwa safari fupi na 6 kwa ndefu. Bunge la Ulaya likaupinga. Angalieni sheria inasemaje siku mnayosafiri.

---

Mama Transiti

Natokea nje ya Ulaya, naenda Ulaya, shirika si la Ulaya. Inanihusu?

---

Msafiri Mbishi

Hapana dada, kwa Kanuni hii hapana. Ukiondoka kiwanja cha Umoja (pamoja na Norway, Iceland na Uswisi) inakulinda kwa shirika lolote. Ukiingia kutoka nje, inakulinda tu kama shirika linaloendesha ndege ni la huko. Angalia anayeendesha, nembo iliyo kwenye tiketi inaweza kuwa ya mwingine.

Safari za kuunganisha zilizo kwenye tiketi moja zinahesabiwa kama safari moja. Walikuwepo abiria waliokata Prague kwenda Bangkok kupitia Abu Dhabi kwa shirika la Czech. Kipande cha kwanza kilifika kwa wakati. Cha pili, kilichoendeshwa na Etihad, ndicho kilichochelewa. Mwaka 2019 mahakama ikasema shirika la Czech lilipe. Ukikata tiketi mbili tofauti ili uokoe kidogo, ulinzi huo unaupoteza.

Uingereza walibaki na sheria ileile baada ya kujitoa, kwa paundi: 220, 350 na 520.

---

Kipepeo wa Bahari

Niongezee Canada na Marekani, nimepitia huko.

Canada wana kanuni zao tangu 2019, na wamegawa sababu kwenye mafungu matatu: iliyo ndani ya uwezo wa shirika, iliyo ndani ya uwezo ila imelazimu kwa usalama, na iliyo nje ya uwezo. Fungu la kwanza ndilo lenye pesa: kwa mashirika makubwa ni dola 400 za Canada ukichelewa saa 3 hadi 6, 700 hadi saa 9, na 1,000 kuanzia hapo. Fungu la pili unapata matunzo bila fidia. Unadai ndani ya mwaka 1.

Marekani hakuna sheria inayolazimisha fidia kwa kuchelewa. Kilichopo tangu 2024 ni kurudishiwa nauli bila kuhangaika, safari ikifutwa au ikichelewa saa 3 kwa ndani na 6 kwa kimataifa, mradi uamue kutosafiri. Fidia ya kweli ipo pale wanapouza tiketi kuliko viti wakakushusha bila hiari yako.

---

Fundi Mstaafu

Hilo fungu la pili la Canada ndilo nililokuwa nalisema! Fundi alale usingizi.

---

Msafiri Mbishi

Mzee, na hilo fungu la pili ndilo lililojaza malalamiko huko, kwa sababu karibu kila spana inaweza kuitwa usalama. Ila nakupa nusu pointi.

Kwa walio nje ya sheria hizi zote, kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, uliosainiwa na nchi nyingi. Huo hautoi kiwango maalumu. Unakulipa hasara halisi iliyotokana na kuchelewa, kwa hiyo bila risiti huna kesi. Nao una msamaha wake: shirika linapona likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua iliyotakiwa kwa busara. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka 2. Begi likiharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa siku 21 tangu ulipolipokea.

---

Kibegi Mgongoni

Na wakinipa vocha?

---

Msafiri Mbishi

Vocha ya fidia au ya nauli ni hiari yako, na kwa Kanuni ya Ulaya lazima ukubali kwa sahihi. Usitie sahihi kitu kaunta huku umechoka. Vocha ya chakula pokea, ule, haiondoi dai lako. Makampuni ya kudai kwa niaba yako yapo, ila hukata sehemu nzuri ya pesa. Jaribu kwanza mwenyewe. Hujachelewa pia, maana muda wa kudai unafuata sheria ya nchi ya kesi: Ujerumani miaka 3, Ufaransa 5, Uingereza 6.

Mimi nilijibu barua yao kwa aya nne. Niliwauliza ni kifaa gani kiliharibika, kiligunduliwa lini, na kuna kasoro gani iliyotangazwa na mtengenezaji. Nikataja hukumu ya 2008 na ya 2015 kwa majina. Nikawapa siku 14 kabla ya kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya nchi niliyoondokea.

---

Mama Transiti

Wakasemaje?

---

Msafiri Mbishi

Siku ya 11 nikapata barua pepe ya mistari miwili: "kwa nia njema", euro 400, tuma namba ya akaunti. Swali la kifaa gani hawakulijibu.

---

Fundi Mstaafu

Pampu ya mafuta. Wakikaa zaidi ya saa 4 wakisema "wanamalizia", wanasubiri kipuri.